Tone la Kwanza Si Lako

Ntiamoa alijua kusema na wafu tangu kimo chake kikiwa cha kiunoni mwa babu yake. Babu alikuwa msemaji wa chifu, mtu wa kushika fimbo na kupima maneno, na kila palipomwagwa pombe ya tambiko alimtaka mjukuu asimame ubavuni amshikie chupa. Mtoto akanasa kila kitu: majina ya waliotangulia, yupi aitwe mwanzo, yupi asitajwe kabisa kwa jinsi alivyokufa, wapi panyamazwe ili watu waitikie. Sharti ambalo babu alilirudia kuliko yote lilikuwa dogo. Tone la kwanza ni la ardhi. Hata uwe na kiu ya kukuua, tone la kwanza si lako.

"Ukianza wewe," babu alimwambia, "wanajua kilichokuleta ni koo lako, si wao. Basi wanaondoka zao, wanakuacha unaongea peke yako."

Babu akafa. Mjukuu akakua, akafaulu, akapata nafasi chuo kikuu. Siku ya kuondoka alibeba begi moja, Biblia ya mama yake, na mashati manne aliyoshonewa na dada yake Afriyie. Ni huyo Afriyie aliyemsomesha. Baba yao hakuwapo tena, mama alikuwa na presha na kigenge cha vitunguu ambacho hakikujilisha chenyewe. Cherehani ya Afriyie ndiyo iliyosukuma maisha ya nyumba ile. Alipotokea mchumba wa kwanza, Afriyie alimwomba asubiri mpaka mdogo wake aingie chuo. Bwana yule akasubiri kidogo, kisha akaoa kwingine. Watu wa mtaani wakasema ana maringo. Hakuwa na maringo hata chembe, alikuwa na mdogo wake.

Sasa, mabweni ya chuo kile yalikuwa na mila zake, ambazo wanafunzi walizitunga wenyewe na kuziheshimu kuliko mitihani. Bweni la Ntiamoa lilikuwa na chifu wake, ngoma zake na wahenga wake, ambao walikuwa wanafunzi wa zamani waliokwisha kuwa mawakili na wabunge na wala hawakuwa wamekufa. Katika wiki ya kupokea wageni, vijana wa mwaka wa kwanza walipangwa uani vifua wazi wakaulizwa ni nani kati yao anayejua kumwaga tambiko. Ntiamoa akanyoosha mkono. Alikuwa mgeni, hakuna aliyemjua, Kiingereza chake kilikuwa cha kijijini, lakini kumwaga tambiko alikujua.

Mkubwa wa sherehe alikuwa Paa Essel, kijana wa pwani wa mwaka wa tatu, mwenye sauti ya kukwaruza na sigara isiyotoka mdomoni.

"Wewe dogo, unajua kweli au unatafuta sifa?"

"Najua, kaka."

"Haya. Ukikosea, chupa nzima unainywa wewe. Usipokosea, nusu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Lakini Ntiamoa alipoanza kuita, kicheko kilikatika. Aliita kwa sauti ya babu yake, akanyamaza pale pa kunyamaza, akamwaga, na mamia ya vijana wakaitikia bila kuambiwa. Alipomaliza walimbeba mabegani. Paa Essel akampa kikombe kilichojaa gongo hadi ukingoni.

"Msemaji wetu! Huku kwetu msemaji hamwagi akakaa mkavu. Shusha!"

Akashusha. Ilimchoma mpaka machozi yakamtoka, na wakamshangilia tena kwa ajili ya machozi.

Tusidanganyane: hakulazimishwa na mtu. Alipenda kuitwa Msemaji. Alipenda kwamba akipita korido, watu waliokuwa hawamsalimii walimpisha. Na bweni lilikuwa halikosi sababu ya tambiko. Timu imeshinda, tambiko. Timu imefungwa, tambiko la kuwauliza wahenga kulikoni. Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, siku ya kuzaliwa ya fulani, umeme umerudi. Kila mara yeye ndiye aliyeitwa, na kila mara kikombe kilikuwa chake. Baada ya muda hakuhitaji tambiko. Kulikuwa na mama mmoja nyuma ya uwanja wa mpira aliyeuza gongo iliyolowekwa mizizi, na dukani kulikuwa na viroba vya pombe kali vya kuingia mfuko wa shati. Sigara nazo zilikuja kwa mlango wa nyuma: alianza kuvuta ili kuua harufu ya pombe, kisha akawa anatafuna jojo ili kuua harufu ya sigara, na mwishowe akaacha jojo.

Asubuhi vidole vilianza kutetemeka. Kalamu ilimchezacheza mkononi mpaka apate kifuniko kimoja. Mwaka wa pili alirudia mitihani, mwaka wa tatu akarudia tena, na safari hiyo hakuingia ukumbini kabisa, alikuwa amelala nyuma ya kibanda cha yule mama. Akadisko, yaani akafukuzwa chuo. Jina lake likabandikwa ubaoni kwa wote kusoma, na Msemaji wa bweni akafungasha virago wenzake wakiwa darasani.

Linaloniudhi mimi ni kwamba Paa Essel alihitimu. Alipata kazi benki, akaoa, na nasikia siku hizi anakunywa Jumamosi tu, tena kwa glasi. Wengi walicheza mchezo uleule wakatoka na vyeti vyao. Walimfundisha mwenzao kuogelea kwenye kina, wakapanda ukingoni, wakajifuta maji, wakaenda zao.

Nyumbani Ntiamoa alisema wahadhiri wamegoma. Katika nchi yetu uongo huo hauhitaji ushahidi. Mjomba Agyekum, kaka mkubwa wa mama na mkuu wa ukoo, aliitukana serikali vizuri sana, kisha akamwonyesha mpwa wake pa kulala. Alimpa chumba cha marehemu babu, ambamo vitu vya ukoo vilitunzwa.

"Pumzika, msomi wetu," alimwambia. "Wakimaliza kugombana watakuita."

Ndipo hodi ya posa ya Afriyie ikaja.

Bwana aliyebisha aliitwa Boadu, fundi wa mafriji wa Nkawkaw, mtu mzima, mpole, mwenye pikapu iliyokohoa kila ilipopanda kilima. Walijuana pale alipoleta ovaroli yake itiwe kiraka. Wiki iliyofuata alileta ovaroli nyingine isiyokuwa na tundu, na Afriyie aliigeuza huku na huku akamuuliza, "Sasa hapa nishone nini, bwana?" Boadu akasema hajui, ila ameona aje tu. Afriyie alicheka siku ile nzima akifanya kazi. Alikuwa amekwisha pita miaka thelathini na kujizoesha kutotazamia kitu, na ghafla akaanza kuimba akikanyaga cherehani.

Wazee wa Boadu walikuja na chupa mbili za shnapsi, ile pombe nyeupe ya chupa ya kijani ambayo pasipo hiyo hakuna ndoa wala mazishi kwetu. Mjomba alizipokea mbele ya watu, zikiwa zimefungwa, karatasi ya muhuri imebandikwa juu ya vifuniko. Mila inajulikana. Chupa za hodi hazifunguliwi mpaka ukoo wa mwanamke umalize kuchunguza ukoo wa mwanamume, kama kuna ugonjwa, kama kuna ugomvi, kama kuna damu iliyomwagwa. Mkimkataa mtu, chupa zake zinarudi vilevile. Mkimkubali, zinafunguliwa siku ya kujibu hodi, bibi harusi akiwepo, na tone linawafikia wahenga. Kwa hiyo chupa zile zilikuwa Boadu mwenyewe, amekaa pale akingoja jibu.

"Zikae kwako, msomi," mjomba akasema. "Chumba cha babu yako hakina mwizi."

Ntiamoa aliziweka chini ya kitanda, nyuma kabisa, akatia na kikapu mbele yake.

Asubuhi moja mama alikuwa gengeni, mjomba shambani kwenye kakao, na mlio wa cherehani ulisikika kutoka barazani. Ntiamoa alikuwa amemaliza vipisi vyote vya sigara alivyookota stendi. Jasho lilimtoka akiwa amelala. Alijiambia atachukua kifuniko kimoja tu, cha dawa. Alishikilia shingo ya chupa juu ya mvuke wa sufuria ya uji mpaka gundi ikalainika, karatasi ikabanduka nzima. Akanywa kifuniko kimoja. Mikono ikatulia. Akajazia maji ya mtungini kufidia, akabandika karatasi, akarudisha chupa mahali pake, na kwa nusu saa alikuwa mtu mwema kabisa, akatoka akamsaidia dada yake kupanga vitambaa.

Kesho yake akachukua viwili. Kila alichokunywa alikirudisha kwa maji, na chupa daima ilikuwa imejaa. Ilifika siku akawa anakunywa maji yenye harufu, kisha maji matupu, na hapo akavuta ya pili.

Asidhani mtu kwamba hakuona alichokifanya. Aliona, na alilia. Aliuza simu yake, akawaambia wa nyumbani imeibwa, akaenda Nkawkaw kununua chupa mbili nyingine za namna ileile. Alizinunua kweli. Alikaa nazo kwenye benchi la stendi akisubiri gari lijae, na gari likachelewa kujaa.

Boadu ndiye aliyemkuta, ukutani kwa stendi, chupa moja tupu na nyingine imevunjikia chini yake. Alimbeba mpaka karakana yake, akamwosha kwa mpira wa maji, akamletea supu ya mbuzi yenye pilipili kali.

"Shemeji," alimwambia, "kunywa supu. Zile chupa zilikuwa za nini?"

"Za rafiki."

"Mm. Rafiki huyo ana hali mbaya." Boadu akacheka kidogo, kisha akaacha. "Sikiliza. Hili likae kati yetu wawili. Mimi simwambii dada yako. Utamwambia wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Sawa?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Wiki hii, shemeji. Naapa."

Alimrudisha nyumbani kwa pikapu na kumshusha mbali kidogo ili mama asione. Wiki ile ikapita, na iliyofuata ikapita.

Ukoo wa Boadu ulichunguzwa ukaonekana safi. Siku ya kujibu hodi ikapangwa Jumamosi. Ijumaa jioni Afriyie alimkuta mdogo wake nyuma ya jiko akivuta sigara. Hakumgombeza. Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, kanga ya kupigia pasi ikiwa begani.

"Ntiamoa, nitazame. Nakuomba kitu kimoja."

"Sema, dada."

"Kesho usinywe. Siku moja tu. Hiyo moja ni yangu."

"Nani kakwambia nakunywa?"

"Pua yangu. Unadhani pua hii imezaliwa jana? Mama namwambia ni dawa ya kikohozi unayopaka, na mama anakubali kwa sababu anataka kukubali." Akaishusha kanga magotini. "Najua kuna jambo chuoni. Sikuulizi leo. Tutalizungumza nikishaolewa, Boadu amesema atasaidia, amesema huyu ni mdogo wetu. Lakini kesho nipe."

Maneno yalimfika Ntiamoa kooni. Dada, chupa ni maji. Kulikuwa bado na muda, duka la pale njiapanda lilikuwa halijafungwa, na Afriyie angelia, angemtukana, kisha angechukua kibeti chake na kwenda. Alimtazama usoni. Dada yake alikuwa amesukwa nywele upya na alionekana msichana.

"Sinywi, dada," akasema. "Kesho sinywi."

Na ahadi hiyo aliishika hadi saa za mchana. Nusu siku hiyo ndiyo pekee aliyowahi kumtimizia.

Wageni walifika kabla jua halijakuwa kali, wamevaa nguo nyeupe, wakiongozwa na Mzee Kusi, baba mkubwa wa Boadu, mwenye kitambi cha heshima na utani mwingi. Viti vilipangwa pande mbili za ua. Ntiamoa alikaa nyuma ya mjomba wake, hajagusa kitu tangu jana, fulana imelowa chini ya shati.

Afriyie alitolewa ndani na shangazi zake. Mjomba Agyekum akanyanyua chupa ya kwanza juu.

"Afriyie, binti yangu. Pombe hii imeletwa na watu hawa. Wanasema kuna ua wameliona bustanini kwetu. Tuipokee, tusiipokee?"

"Ipokeeni," akasema, macho chini.

"Sijasikia vizuri. Nisije nikainywa halafu kesho ukaniambia nitapike. Tuipokee?"

Watu wakacheka. "Ipokeeni, mjomba."

"Mara ya tatu na ya mwisho."

Afriyie akainua macho, akamtazama Boadu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Ipokeeni!"

Vigelegele vikapasuka. Mama yake alijifuta machozi kwa pindo la kitambaa. Na katika kelele hizo mjomba aligeuka nyuma.

"Mimi sauti yangu imezeeka. Lakini nyumba hii ina msomi aliyelelewa na babu yake mwenyewe. Mpwa wangu, simama. Mwite babu yako."

Ntiamoa akasimama. Mtasema aliogopa, na aliogopa, lakini kilichomjia kwanza kilikuwa nafuu. Chupa ikiwa mkononi mwake, anaweza kuimwaga yote. Alifungua kifuniko, akaita. Sauti haikumtupa. Aliita majina mmoja mmoja, akamwaga, akaita, akamwaga, watu wakaitikia, na maji ya mtungini yakaingia ardhini mbele ya macho ya koo mbili. Alimwaga na kumwaga.

"Taratibu, msomi!" mjomba akamkata. "Hao wahenga si samaki. Tuachie na sisi wazima."

Kicheko tena. Kwa desturi aliyemwaga huonja kwanza ili watu wajue hakuna sumu. Ntiamoa akajimiminia kikombeni, akanywa, akakunja uso, akakohoa kidogo.

"Kali!" akasema.

"Hiyo ndiyo shnapsi ya Boadu!" akadakia Mzee Kusi, akanyoosha mkono kupokea kikombe. Akanywa. Akakisogeza kikombe puani, akanywa tena, na utani ukamwisha usoni. Alisimama polepole akakipeleka kwa Mjomba Agyekum.

"Mzee mwenzangu. Hebu onja."

Mjomba akaonja. Akaitazama chupa. Akaagiza ya pili ifunguliwe, akaonja na hiyo.

"Kusi," akasema, "mmekuja kubisha hodi kwangu na maji?"

"Maji yenu! Tuliwaletea chupa zimefungwa, mkazishika, mkazigeuza, mkatushukuru!"

"Zimefungwa ndiyo, na kilichofungwa ndani ni maji! Mtoto wetu kasema ndiyo mara tatu. Mmemfanya awaitikie ndiyo kwa maji!"

"Mimi kichwa hiki chenye mvi nikajaze maji kwenye chupa? Agyekum, unanijua!"

Watu walisimama. Viti viwili vitatu vikaanguka. Shangazi mmoja alianza kulia kwa sauti, akisema ni mkosi. Mjomba akainua mkono.

"Kimya! Aliyeonja kwanza yupo. Si mimi si wewe, ni yeye. Ntiamoa. Ulionja, ukasema kali. Sema mbele ya watu. Ilikuwa nini?"

Boadu alikuwa akimtazama, na Ntiamoa aliona usoni mwake jinsi anavyounganisha mambo: stendi, chupa mbili, rafiki mwenye hali mbaya. Boadu alikwisha jua. Angeweza kusema neno moja. Lakini alikuwa ameahidi, na alikuwa mtu wa aina hiyo, kwa hiyo alisubiri mwenye kusema aseme. Afriyie naye alikuwa akimtazama, mkono mmoja umeshika shanga za shingoni. Yeye pia alijua. Mama ndiye hakujua, amekaa wima akimsikiliza msomi wake.

Neno lilikuwa fupi. Nilikunywa mimi. Na Ntiamoa, ambaye hajawahi kukosa neno mbele ya watu, alipata jingine.

"Mjomba, ilikuwa maji," akasema. "Niliyatambua nilipoyaonja. Nikasema kali ili nisiwaaibishe wageni wetu. Nilifikiri tumalize shughuli, tuwaulize pembeni."

Lilikuwa neno zuri. Wazee wa upande wao walitikisa vichwa kwa kuridhika, wakanong'onezana: hekima ya babu yake hiyo. Mzee Kusi alikunja nguo yake begani. Kwa koo kama zetu, mtu aliyetukanwa hivyo mbele ya bibi harusi habaki kubishana.

"Shemeji," Boadu akasema, taratibu. "Ni kweli?"

Ntiamoa aliitazama chupa. Boadu akamgeukia Afriyie, wakatazamana. Afriyie alikuwa akingoja, masikini, bado alikuwa akimngoja mdogo wake.

"Twendeni," Boadu akawaambia watu wake.

Pikapu ilikohoa, ikashika njia ya Nkawkaw. Hakuna aliyetoka nje kuitazama.

Mjomba Agyekum alijitupa kitini. Alimvuta Ntiamoa kwa mkono, akamweka karibu naye mbele ya wote.

"Umetusitiri," akamwambia. "Wengine tungepayuka. Sasa ua huu umechafuliwa, hatuwezi kuuacha hivi mpaka kesho. Wahenga wamenyweshwa maji, lazima waombwe radhi." Aliingia chumbani kwake akarudi na chupa yake mwenyewe, ya kijani, muhuri haujaguswa. Akaufungua kwa meno. Harufu ikatoka.

"Chukua. Waite tena. Waambie halikuwa kosa letu."

Ntiamoa akaishika. Ilikuwa saa za mchana, na tangu jana jioni mwili wake ulikuwa ukimdai. Chupa iligongana na kikombe ikalia. Watu walikwisha simama na kuinamisha vichwa. Alivuta pumzi ili aite jina la kwanza, ambalo sasa lilikuwa la babu yake mwenyewe, na harufu ikaingia pamoja na pumzi.

Hakukumbuka baadaye kama aliamua. Kikombe hakikutumika. Aliinua chupa mdomoni akanywa, akameza, akameza tena, kidevu kikilowa, huku ardhi iliyokuwa mbele yake ikiwa kavu. Alipoishusha, mikono ilikuwa imetulia kabisa, na ua mzima ulikuwa umeinua vichwa ukimtazama.

Mjomba alitazama chupa, akatazama zile mbili zilizolala chini, akatazama mlango wa chumba cha babu. Aliketi tena, safari hii kama mtu anayeumwa mgongo.

"Kumbe ni wewe," akasema. Hakupandisha sauti. Mama alikuwa akiuliza, "Ni yeye nini? Amefanya nini?"

Kuna aliyesema wageni wafuatwe. Mjomba akatikisa kichwa. Mtu umwite mwongo mbele ya mchumba wake, kisha umkimbilie njiani umwambie rudi, tulikosea? Mzee Kusi alikwisha apa akipanda gari kwamba ukoo wake hautakanyaga tena pale, na ukoo ukishaapa huwa hauna simu ya kuupigia.

Afriyie alivua shanga za shingoni, akaziweka juu ya kiti alichokalia Boadu. Akavuka ua mpaka aliposimama mdogo wake, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Ntiamoa alidhani atampiga, na alitamani ampige.

"Na ya kwangu," Afriyie akamuuliza, "ilikuwa tamu?"

Ntiamoa alitafuta cha kumjibu. Alitafuta kwa kweli, kwa mara ya kwanza siku ile, na hakupata kitu, kwa sababu chupa zile mbili alizinywa zote na hakukumbuka hata ladha yake.